Lango moja la kuingilia ofisini ukiwa Kitengela: kulisimamisha na kulitunza

Ofisi ninazohudumia ni ndogo ndogo: wahasibu Ngara, kliniki Eastleigh, muuza vipuri Barabara ya Kirinyaga, wakili na makarani wake Upper Hill. Hakuna yenye idara ya kompyuta. Wakitaja idara ya kompyuta wananimaanisha mimi. Ombi lao huwa moja. Tarehe 20 ikikaribia, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT, mhasibu anayeishi Kitengela hataki kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa ili tu akafungue faili iliyo kwenye seva ya ofisi. Anataka aifungue nyumbani, usiku, watoto wakishalala.

Mara nyingi nikifika nakuta kuna fundi aliyenitangulia, na dawa yake ilikuwa kufungua porti (mlango wa huduma) 3389 kwenye ruta, ile ya Remote Desktop ya Windows inayokuwezesha kutumia kompyuta ukiwa mbali, na kuielekeza moja kwa moja kwenye seva. Hiyo naifunga kabla hata ya kunywa chai. Kwenye seva ya namna hiyo fungua Event Viewer, utafute tukio namba 4625, yaani jaribio la kuingia lililokataliwa. Utaona administrator, admin, test, user, reception, majina yakijaribiwa usiku kucha kutoka nchi ambazo ofisi haina mteja hata mmoja. Hakuna mtu aliyekaa mahali akiiwinda ofisi ya Ngara. Ni programu zinazopitia anwani zote za intaneti zikigonga. Ukihamishia huduma porti 33890, zitagonga huko pia. Na neno la siri gumu peke yake si kinga: mwaka 2019 kasoro iliyoitwa BlueKeep ilimwezesha mtu kuiteka mashine ya Windows 7 au Server 2008 isiyowashwa NLA (kinga inayomtaka mtu ajithibitishe kabla ya kufunguliwa skrini) bila kujua neno la siri lolote.

Badala yake naweka lango: kompyuta ndogo yenye Ubuntu na WireGuard, programu ya VPN, yaani njia iliyosimbwa kupitia intaneti, na hiyo tu ndiyo inayofikika kutoka nje. WireGuard imo ndani ya kernel (kiini) ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, kwa hiyo haihitaji mashine kubwa wala leseni. Naipendea ukimya wake. Pakiti isiyotoka kwa mwenye ufunguo uliosajiliwa hutupwa bila jibu, na anayepima porti kutoka nje haambiwi kama kuna kitu au hakuna.

Kabla ya kununua chochote, angalia anwani

Ingia kwenye ruta ya ofisi usome anwani ya upande wa intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikilingana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, basi kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hakuna atakayeweza kukufikia kutoka nje. Faiba nyingi za bei ya nyumbani hapa Nairobi ziko hivyo, na maduka na ofisi ndogo wanazitumia kwa sababu ni nafuu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba anwani ya umma isiyobadilika na kuilipia kila mwezi. Kama mwenye ofisi anakubali, chukua hiyo, imekwisha. Ya pili ni kukodi seva ndogo ya mtandaoni iwe mahali pa kukutania: kompyuta ya ofisi inaipigia, wafanyakazi nao wanaipigia. Hapo chagua mahali kwa uangalifu. Seva ikiwa London, mtu aliye Rongai anayetaka faili iliyo Ngara atapita Mombasa, chini ya bahari mpaka Ulaya, na kurudi njia hiyo hiyo. Kila kipande cha safari, kwenda na kurudi, hula takriban milisekunde 150, na kwenye Remote Desktop utaona kipanya kikiburuta miguu. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, waliokuwa na mpango wa namna hiyo walikwama, ilhali nyumba na ofisi zote ziko jiji moja. Kodi seva iliyo Nairobi. Ujue pia kwamba data hufunguliwa na kufungwa upya kwenye seva hiyo, kwa hiyo ilinde kama sehemu ya ofisi yako.

Jambo la pili ndilo hunila muda kuliko yote, na sijaona mwongozo unaolipa uzito wake. Ofisi ikitumia 192.168.1.x, na ruta ya nyumbani kwa mhasibu nayo ikitoa 192.168.1.x, laptopu yake ikiambiwa iende 192.168.1.20 itaitafuta seva humo humo sebuleni. VPN itaonyesha imeunganika, kila kitu kijani, na hakuna kinachofunguka. Utapigiwa simu uambiwe lango limeharibika. Usirekebishe nyumba za watu, hutazimaliza, badilisha ofisi. Ipe safu ya anwani ambayo ruta ya dukani haiwezi kuja nayo, kwa mfano 10.44.7.0/24 (yaani 10.44.7.x), na lango lenyewe lipe safu yake, tuseme 10.90.0.0/24. Fanya hivyo Jumamosi alasiri, maana printa na mashine za kadi zilizowekewa anwani kwa mkono zitapotea na itabidi uzizungukie moja moja.

Kulisimamisha

Hii ndiyo sehemu fupi. Weka Ubuntu 24.04, sakinisha, tengeneza funguo:

apt install wireguard
umask 077
wg genkey | tee /etc/wireguard/siri | wg pubkey > /etc/wireguard/wazi

Kisha andika /etc/wireguard/wg0.conf:

[Interface]
Address = 10.90.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (yaliyomo kwenye faili ya siri)

[Peer]
# mhasibu mkuu, laptopu ya kazi
PublicKey = (ufunguo wake wa wazi)
AllowedIPs = 10.90.0.11/32

Usiweke SaveConfig = true hata ukiiona kwenye mifano ya watu; utahariri faili kwa mkono, huduma ikizimwa iandike juu ya kazi yako. Ruhusu kompyuta kupitisha data kwa kuandika net.ipv4.ip_forward=1 kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, uisome kwa sysctl --system, kisha systemctl enable --now wg-quick@wg0. Kwenye ruta elekeza UDP 51820 kwa lango, na uongeze njia inayosema 10.90.0.0/24 inapatikana kupitia anwani ya lango. Ruta nyingine za faiba hazikubali kuongezewa njia. Ikiwa hivyo utalazimika kutumia masquerade (lango kuweka anwani yake mahali pa ile ya mtumiaji), lakini ujue gharama yake: seva itaona kila anayeingia kama lango lenyewe, na hutajua nani alifanya nini.

Kwa mfanyakazi, fungua programu ya WireGuard kwenye laptopu yake mwenyewe, uchague "Add empty tunnel". Funguo zitatengenezwa hapo hapo. Anachokutumia ni ule wa wazi tu, na huo hata ukipita kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi hauna madhara. Ule wa siri hautoki kwenye laptopu. Mafundi wengi hutengeneza faili nzima kwao na kuituma kwa WhatsApp, kisha inakaa kwenye simu tatu na kwenye nakala ya akiba ya kila mmoja milele.

Kwenye faili ya mfanyakazi, AllowedIPs iwe 10.90.0.0/24, 10.44.7.0/24 na basi. Ukiandika 0.0.0.0/0 video za YouTube za jioni zitapitia ofisini, na faiba ya mwajiri ndiyo itakayobeba. Ongeza PersistentKeepalive = 25 kwa kompyuta yoyote inayopaswa kufikiwa muda wote, kama ile ya ofisi inayopigia seva ya kukodi. Na mtu anayetumia bando la simu akisema anaunganika lakini faili kubwa zinaganda katikati, shusha MTU yake (ukubwa wa juu wa pakiti) kutoka 1420 hadi 1280 kabla ya kutafuta mchawi mwingine.

Nani aende wapi

Kupita langoni si ruhusa ya kuzunguka nyumba nzima. Anza kwa kufunga kila kitu kwa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu:

ufw default deny incoming
ufw default deny routed
ufw allow 51820/udp
ufw allow in on wg0 from 10.90.0.2 to any port 22 proto tcp

Hiyo 10.90.0.2 ni laptopu yangu, na porti 22 ni ya SSH, ninayoliendeshea lango. Hakikisha mstari huo umeingia na laptopu imeunganika kabla ya kuandika ufw enable, hasa kama seva iko mbali. Kisha mfungulie kila mtu anachohitaji:

ufw route allow in on wg0 out on eth0 proto tcp from 10.90.0.11 to 10.44.7.20 port 3389

Jina eth0 huenda likawa jingine kwako. Amri ya ip a itakuonyesha. Mhasibu mkuu ataiona seva ya hesabu pekee. Kamera za usalama hatazifikia, wala kompyuta ya mkurugenzi. Wakurugenzi huniomba niwafungulie kila kitu kwa sababu wao ni wakurugenzi, nami huwauliza mara ya mwisho waliingia kwenye printa wakiwa nyumbani ilikuwa lini.

WireGuard haina hatua ya pili ya kuthibitisha. Mwenye laptopu ndiye mwenye ufunguo. Hapa mjini simu hunyakuliwa kupitia dirisha la matatu, na laptopu huibwa kwenye buti la gari. Kwa hiyo diski isimbwe kwa BitLocker, na akaunti ya Windows isikumbuke neno la siri la seva. Kwa kliniki huongeza Apache Guacamole (inayofungua skrini ya seva ndani ya kivinjari) nyuma ya VPN, ikiwa na kiongezo cha tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Inawaudhi wauguzi wiki ya kwanza.

Kulitunza

Lango husimama kwa alasiri moja, halafu linatunzwa miaka. Nina daftari, la karatasi kweli, kwa kila ofisi: jina, kifaa, anwani, tarehe, nani aliagiza. Kila kifaa na ufunguo wake. Watu wawili wakishiriki mmoja watapokonyana: lango humrudishia jibu aliyezungumza mwisho, na wote watalalamika kwamba inakatika. Ukiona malalamiko hayo, andika wg show wg0 endpoints mara kadhaa. Anwani ya mtu mmoja ikirukaruka kati ya mitandao miwili, mmempata aliyemgawia mwenzake.

Mtu akiacha kazi, mwambie mwajiri akupigie kabla ya kumpa barua, si kesho yake. Amri ni wg set wg0 peer, ufunguo wake wa wazi, remove. Hiyo humtoa papo hapo, lakini ukiacha kumfuta kwenye wg0.conf atarudi siku stima ikipotea na kompyuta ikiwaka upya. Futa pia mistari yake ya ufw, la sivyo atakayerithi anwani atarithi na ruhusa.

WireGuard haiandiki kumbukumbu ya nani aliingia lini. Panga cron, ratiba ya Linux, ihifadhi kila dakika tano matokeo ya wg show wg0 latest-handshakes (mara ya mwisho kila kifaa kiliposalimiana na lango) na yale ya endpoints (anwani kilikotokea). Usitumie dump, maana mstari wake wa kwanza hutoa ufunguo wa siri wa lango. Kumbukumbu hiyo si pambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari kwa wahusika, na jambo la kwanza utakaloulizwa ni nani aliingia na lini.

Stima nayo ina mambo yake. Kwenye BIOS weka kompyuta ijiwashe umeme unaporudi, na uiweke pamoja na ruta kwenye UPS moja. Kama ni kompyuta kuukuu, badilisha betri ya CR2032 mapema. Betri ikifa saa inarudi nyuma, na kwa ofisi inayopigia seva ya kukodi hilo ni kosa gumu kulitambua: WireGuard hukataa salamu yenye saa iliyo nyuma ya ile iliyopokelewa mwisho, kwa hiyo hakuna kitakachounganika mpaka saa isahihishwe.

Washa unattended-upgrades ili masasisho ya usalama yaingie yenyewe, kuwasha upya kuwe Jumapili alfajiri.

Funguo za WireGuard hazina tarehe ya kuisha, kwa hiyo tarehe ya kuzibadilisha unajiwekea mwenyewe. Kwa wahasibu mimi hubadilisha Julai, wiki ya kwanza baada ya ritani za Juni 30, wakati hakuna anayenipigia saa sita usiku. Kila mtu anakuja na laptopu yake, tunatengeneza ufunguo mpya mbele yangu, na jina lisilokuja na laptopu kufikia Ijumaa linakatwa kwenye daftari.