SHA: jinsi ya kuhakikisha bima itafanya kazi siku utakapolazwa

Watu wengi hujua kwamba SHA yao, yaani bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, haifanyi kazi wakiwa tayari wamesimama kwenye dirisha la hospitali. Mara nyingi kosa si la siku hiyo. Mtu alijisajili, akaona ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu, akadhani kazi imeisha. Usajili peke yake unakufungulia mlango wa zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, ambako matibabu ya msingi hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Kitanda cha wodi, upasuaji, kujifungua katika hospitali kubwa au kusafishwa damu kwa sababu ya figo ni mambo ya hazina nyingine, SHIF (Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii), na hiyo inataka mchango uwe umelipwa. Ikiwa matibabu ya SHIF yanafika kikomo, iko hazina ya tatu, ya magonjwa sugu na ya dharura, lakini hiyo nayo hufuata SHIF. Kwa magonjwa sugu, asiyelipa SHIF hana njia ya kuifikia.

Utaratibu huu ulianza tarehe 1 Oktoba 2024, ulipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani. Kadi ya zamani ya NHIF haina kazi, na aliyekuwa mwanachama huko lazima ajisajili upya.

Kujisajili

Piga *147# kwenye simu yoyote, hata kabambe, au ingia afyayangu.go.ke. Utahitaji kitambulisho cha taifa na namba ya simu iliyo mikononi mwako. Hapa watu hukosea kwa kutumia namba ya mtoto, ya jirani au ya wakala aliyewasaidia sokoni. Namba za siri na taarifa za akaunti hutumwa kwa namba hiyo hiyo, kwa hivyo ikipotea au ikibadilishwa, unakuwa mgeni katika akaunti yako mwenyewe. Ukibadilisha laini, badilisha na kwenye SHA, ukiwa bado mzima.

Kisha ongeza wategemezi. Hatua hii inarukwa zaidi ya zote, hasa na wenye mishahara ambao hukatwa pesa kila mwezi bila kugusa akaunti yao. Pesa inakatwa, mtoto anaugua, na mfumo haumjui mtoto. Wategemezi ni mume au mke, watoto walio chini ya miaka 21 wasio na mapato yao, na walio chini ya miaka 25 ikiwa bado wanasoma muda wote. Mwenye ulemavu anayekutegemea kabisa hahesabiwi kwa umri. Mama na baba hawaingii humo. Wao wanajisajili kama kaya yao, ingawa hakuna anayekuzuia kuwapa pesa za mchango.

Angalia majina herufi kwa herufi. Kitambulisho kikisema Mohamed na cheti cha mtoto kikisema Mohammed, mfumo unaweza kukataa kuwaunganisha, na marekebisho ya cheti huchukua muda ambao mgonjwa hana. Kwa mtoto mchanga, itunze vizuri ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa inayotolewa na hospitali, maana ndiyo inayoanzisha safari ya cheti.

Utalipa kiasi gani

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, si ule unaoingia benki. Wa shilingi 20,000 hukatwa 550. Wa 50,000 hukatwa 1,375. Wa 100,000 hukatwa 2,750. Hakuna kikomo cha juu. Cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, kwa hivyo anayepata 10,000 halipi 275 bali 300. Mume na mke wakiwa wote wameajiriwa, wote wanakatwa. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya huondolewa kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Ikiwa hati yako ya mshahara haionyeshi hivyo, muulize mhasibu.

Mwajiri anatakiwa kuwasilisha pesa ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hati ya mshahara inaonyesha kwamba ulikatwa, haithibitishi kwamba pesa zilifika. Ingia kwenye akaunti yako kila baada ya miezi michache uone. Ukikuta pengo, peleka hati za mshahara kwa mwajiri kwa maandishi, na nakala SHA.

Mkulima, mama mboga, fundi au mwendesha bodaboda hupitia tathmini ya mapato ya kaya. Utaulizwa nyumba imejengwa kwa nini, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mko wangapi, mna mifugo au la. Mfumo hukokotoa kiasi, nacho hulipwa kwa mwaka mzima mara moja. Cha chini kabisa ni 3,600. Jibu ukweli, lakini jibu mwenyewe: wakala mwenye haraka anaweza kubonyeza majibu yasiyo yako na kukuachia bei ya mtu mwingine. Ukiona kiasi hakiendani na maisha yako, nenda ofisi ya SHA au Huduma Centre uombe tathmini ikaguliwe.

Kulipa mwaka mzima kwa mkupuo ndiyo kasoro kubwa ya mpango huu kwa mtu anayepata pesa kwa siku, na ni haki kusema hivyo. Kuna Lipa SHA Pole Pole, inayogawa malipo kidogo kidogo. Kabla ya kuikubali uliza mambo mawili: kinga inaanza lini, na jumla utakayolipa ni kiasi gani. Anayejiwekea akiba mwenyewe kwenye simu, 10 kwa siku, hufikisha 3,600 kwa mwaka na salio la shilingi 50. Lipa wiki mbili kabla ya mwaka wa kinga yako kuisha, si siku ya mwisho.

Siku ya hospitali

Homa na kikohozi anzia zahanati au kituo cha afya. Ukienda moja kwa moja hospitali ya rufaa kwa jambo dogo, tarajia kulipa mfukoni. Hospitali binafsi uliza kwanza kama ina mkataba na SHA, na kwa huduma ipi, maana mkataba wa wodi si lazima uhusu mashine unayoihitaji. Upasuaji mwingi unahitaji idhini ya SHA kabla, kwa hivyo muulize karani wa bima kama ombi limetumwa, na lini. Dharura ni jambo lingine: Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, uwe umelipa au hukulipa.

Viwango vilivyochapishwa Novemba 2024 viliweka malipo ya SHA kwa hospitali kuwa shilingi 3,360 kwa siku wodini ngazi ya 4, 3,920 ngazi ya 5 na 4,480 ngazi ya 6, yaani hospitali za rufaa za kitaifa. Kujifungua kwa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000. Malipo ya siku ya wodi yanabeba kitanda, uuguzi, vipimo na dawa kwa pamoja. Ukitumwa kununua dawa nje, omba uandikiwe kwa jina na tarehe, na weka risiti. Usiweke sahihi wala alama ya kidole kwenye fomu tupu: kabla ya kutoka, omba bili ionyeshe siku ngapi umelala, SHA inalipa nini na wewe unadaiwa nini, kisha hesabu siku hizo mwenyewe.