Corolla ya kilomita 300,000: angalia haya kabla ya kununua piesi

Gari langu ni Corolla ya miaka ya 1990, injini 5A-FE. Dashibodi imepita kilomita 300,000, na nadhani hata namba hiyo ilirudishwa nyuma kabla gari halijafika Goma. Kuna mwaka lilianza kutetemeka kwenye ralanti (injini ikinguruma bila kukanyagwa akselerateri). Garaji moja ikabadilisha bujie (plagi za cheche), ikabadilisha nyaya, mwisho ikaniuzia delko (kifaa kinachogawa umeme kwa bujie) nzima ya okazioni, yaani iliyotumika. Gari likaendelea kutetemeka. Shida ilikuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, mfupi kama kidole. Tangu siku ile, kwangu kinachoangaliwa bure ndicho kinachoangaliwa kwanza.

Somo hili ni la Corolla, Carina na Starlet za umri huo, zile zenye kisanduku kidogo chini ya kapo (boneti) kilichoandikwa DIAGNOSIS.

1. Uliza gari lenyewe

Fungua kisanduku hicho. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Kontakti (swichi ya ufunguo) ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Soma ramani mara mbili, maana tundu la +B lina umeme wa batiri na hutaki waya uliguse. Kisha fungua kontakti bila kuwasha injini, utazame taa ya manjano ya injini.

Ikipepesa haraka bila kusita, kompyuta haina kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara 2, ikatulia kidogo, ikapepesa tena mara 2, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni ya presha ya hewa kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa), 41 ni ya kipepeo kinachofungua hewa ukikanyaga akselerateri. Kwa uzoefu wangu 22 ndiyo inayomaliza pesa za watu kimyakimya. Kompyuta ikipewa habari mbaya kuhusu joto, inamwaga esansi (petroli) isivyopaswa, gari linanuka na kutoa moshi mweusi, na mwenye gari anauziwa bujie. Kabla ya kununua sensa, chomoa soketi yake utazame kama pini zimeota kutu ya kijani. Zisugue, rudisha.

Kosa la zamani hubaki kwenye kumbukumbu. Toa fyuzi ya EFI (ya kompyuta ya injini) kwa nusu dakika, irudishe, endesha siku mbili, soma upya. Kinachorudi ndicho kweli.

2. Maji na kile kifuniko kidogo

Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Maji kwenye sufuria ya mama yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Katika radiateri, kinachoyazuia kuchemka ni presha, na presha inashikiliwa na kifuniko. Mpira wake ukilegea, gari lililokuwa sawa pwani litatupa maji kwenye mlima wa kwanza. Halafu utaambiwa ni gasketi ya kilasi (kichwa cha injini), na injini itafunguliwa.

Injini ikiwa baridi kabisa, toa kifuniko. Mpira uwe laini, usio na mpasuko, na springi isukume kwa nguvu. Kimeandikwa presha yake juu, 0.9 au 1.1, nunua namba ileile. Ukiwasha gari huku kifuniko kimetoka na ukaona mapovu yanapanda bila kukoma hata injini ikishapata moto, hapo ndipo gasketi inastahili kushukiwa. Usifungue kifuniko wakati injini ni ya moto. Nimeona mkono wa mtu baada ya kufanya hivyo.

3. Hewa

Vumbi letu ni la mawe ya volkano, linakwangua kama msasa. Filta ya hewa katika kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane haifiki umri ulioandikwa kwenye kitabu. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume, wala usiioshe kwa esansi.

Kisha fuata mipira yote midogo kwa vidole. Injini ikiwa kwenye ralanti, nyunyiza maji kidogo kwa kichupa kwenye maungio ya mipira, ukiiacha delko mbali. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Kivalvu cha PCV (kinachopitisha mvuke wa oili kurudi kwenye injini) kichomoe ukitikise: kikilia, kizima, kikinyamaza, kioshe.

4. Moto

Toa bujie zote nne na uzipange kwa mpangilio wake. Kahawia ni nzuri. Nyeusi kavu ni esansi nyingi, nyeusi ya kulowana na mafuta ni injini inayokula oili. Bujie ya NGK ambayo namba yake inaishia na 11 inataka nafasi ya milimita 1.1. Nyaya zijaribu usiku, siku umeme umekatika mtaani: fungua kapo gizani utazame kama kuna cheche zinazoruka pembeni.

Taimingi ya delko (wakati cheche inapopiga) kwenye 5A-FE ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa moto, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Wengi wanaizungusha kwa sikio bila waya ule. Kompyuta inaisogeza taimingi wakati wao wanapima, kwa hiyo wanachopima si kitu.

5. Esansi

Ukinunua kwa kadhafi (muuza esansi wa barabarani), mimina kidogo kwenye chupa angavu, uache dakika kumi. Maji yatakaa chini. Tone moja kwenye karatasi likikauka na kuacha doa la mafuta, kimechanganywa kitu.

Maswali

*Dereva wa Ndosho:* Yaya, fundi amepima kompresheni (presha ndani ya silinda), silinda zote ziko kati ya psi 150 na 158. Anasema kitabu kinataka 191, kwa hiyo injini imekufa.

Haijafa, ndugu yangu. Hewa ya Goma ina kama asilimia 83 tu ya presha ya pwani. Hesabu: 191 mara 0.83 ni kama 158. Cha maana ni silinda kufanana. Moja ikishuka peke yake, weka kijiko cha oili ndani upime tena. Ikipanda ni ringi, isipobadilika ni valvu. Na hakikisha alikanyaga akselerateri mpaka chini alipopima.

*Mama wa Himbi:* Shikamoo fundi. Walinitolea kalorstati (kile kivalvu kinachozuia maji mpaka injini ipate moto) ili gari lisichemke. Sasa halichemki lakini esansi inaisha mbio.

Marahaba mama. Irudishe. Ile inafunguka kwenye nyuzi 82, na bila hiyo injini haifiki joto lake asubuhi, kompyuta inafikiri kila wakati ni baridi. Kama lilikuwa linachemka, sababu bado ipo. Anza na kifuniko, kisha feni.

*Kijana wa Majengo:* Moshi wa bluu asubuhi tu, kisha unapotea.

Sili za valvu. Oili inashuka usiku gari likiwa limelala. Si haraka, lakini pima oili kila wiki, injini hii inachukua kama lita 3 tu na haina ya kupoteza.

*Dereva wa Ndosho:* Nimepima upya, fundi alikosea. Silinda ya tatu ilisoma 118, na kwa kijiko kile ikapanda hadi 150.

Basi ni ringi za hiyo moja. Usikubali kulipia nne kabla hujaona silinda yenyewe.