Kabla mvua hazijaanza Dodoma: mbu wawili, maandalizi mawili

Desemba ikikaribia, wengi wetu hapa Dodoma tunawaza mbegu na bati linalovuja. Mbu tunamkumbuka akishatuuma, tena tunamkumbuka mmoja tu: anofelesi, yule wa usiku anayeeneza malaria. Yupo na edesi, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni jua likielekea kuzama. Huyo ndiye wa homa ya dengi.

Wote ni jamaa ya inzi na wote hukulia majini, ila kila mmoja ana maji yake. Anofelesi hupenda maji yaliyotuama ardhini palipo na jua: shimo la matofali, dimbwi la korongoni, hata nyayo za ng'ombe kwenye tope. Basi fukia mashimo yaliyo karibu na nyumba mapema, ardhi ikiwa kavu, na ushone chandarua kilichotoboka.

Edesi ni mbu wa vyombo, na sisi kwa vyombo hatujambo. Maji ya bomba yakija kwa mgao, kila ua una mapipa, ndoo na madumu. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, yakingoja maji yapande. Mimi nilikuwa namwaga maji ya pipa, nasuuza, najaza upya, najiona msafi kumbe mayai yamenata palepale. Sugua ndani kwa gunzi na mchanga kila wiki, maana kukiwa na joto, yai huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kisha funika pasiwe na upenyo. Tairi kuukuu zisikae uani. Mtoto anayelala mchana naye alale ndani ya chandarua.

Ukitaka kujua umefuga yupi, chota maji kwa bakuli jeupe. Viluwiluwi vya anofelesi hulala sambamba na uso wa maji; vya edesi huning'inia kichwa chini.

Homa ikikupata na kipimo kikaonyesha huna malaria, usijinunulie dawa ya malaria. Muulize daktari kuhusu dengi, na kabla hujajibiwa usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Ya kushusha homa ni parasetamoli.