Kuokoa uso uliomezwa na taa ya buluu jukwaani

Kwa wanaopiga picha matamasha ya usiku, kama Sauti za Busara kule Zanzibar: uso wa msanii ukimezwa na taa ya LED ya buluu, usianze na mizani ya weupe (white balance, kirekebishi cha rangi ya mwanga). Fungua faili la RAW (picha ghafi ya kamera) katika Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, nenda sehemu ya kalibresheni (Calibration), kisha punguza taratibu ukolevu wa buluu ya msingi (Blue Primary, Saturation) hadi matone ya jasho kwenye paji la uso yaanze kuonekana, na hapo ndipo urekebishe mwanga. Mizani ya weupe huongeza au kupunguza tu nguvu ya rangi zilizokwisha kunaswa, ilhali taa hiyo hutoa buluu karibu peke yake, kwa hiyo rangi halisi ya ngozi haina pa kutoka. Kupunguza ukolevu hurudisha buluu ndani ya mipaka ambayo skrini inaweza kuionyesha, na maumbo yaliyofichika hujitokeza. Njia hii haifui dafu ikiwa buluu imeungua, yaani imezidi kiwango ambacho kamera inaweza kunasa, wakati wa kupiga, jambo ambalo grafu ya mwanga wa jumla huweza kulificha, hivyo tazama grafu ya kila rangi kwenye kamera. Ikiungua, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe.