Bolti za ekzosi zilizoshikwa na kutu: namna ya kuzifungua nyumbani

Ekzosi yenyewe haina shida. Ikishafunguliwa inashuka yenyewe. Zinazokula siku nzima, pamoja na ngozi ya vidole, ni zile bolti chache zinazoishikilia. Huku kwetu pwani hewa ina chumvi, na baadhi ya magari yanayotoka Japani yametembea sehemu za theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi kila baridi. Yanashuka bandarini tayari yana kutu tumboni. Halafu kuna safari fupi fupi za sokoni na shuleni: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji kwa njia ya mvuke, na ekzosi isipopata moto wa kutosha maji hayo hubaki ndani ya sailensa yakiitafuna.

Mwongozo huu ni kwa mwenye gari dogo la Kijapani la kawaida, tuseme Probox, IST au Premio, anayetaka kubadilisha bomba la kati au sailensa ya nyuma akiwa nyumbani.

Kabla ya kununua chochote, zitambue bolti zako

Ingia chini ya gari na tochi, gari likiwa baridi, uzihesabu bolti zote za ekzosi kuanzia mbele hadi nyuma. Utakuta ziko za namna mbili, na kila namna ina tiba yake.

Za kwanza ni zinazopita kwenye flenji mbili (zile bapa za chuma kwenye ncha za mabomba yanayokutana) na kukazwa na nati upande wa pili. Hizi ni za kutupa. Bolti mpya haina gharama ya kukutoa jasho, kwa hiyo ikikataa, kata.

Za pili ni zilizopandwa kwenye chuma kikubwa: studi, yaani bolti zisizo na kichwa, za manifoldi (kile chuma cha ekzosi kinachofungwa kwenye injini), na zile zinazoingia kwenye nati iliyochomelewa nyuma ya flenji. Hizi ni za kubembeleza. Studi ya manifoldi ikikatikia ndani, kazi ya asubuhi imegeuka kazi ya siku tatu. Kama unabadilisha sailensa ya nyuma tu, studi hizo usiziguse hata kwa udadisi.

Magari mengi ya Toyota yana pia bolti mbili zenye springi, pale bomba la mbele linapokutana na linalofuata. Springi inaruhusu bomba kucheza injini inapotikisika. Mara nyingi kichwa cha bolti hiyo ni namba 14. Nati yake imechomelewa kwenye flenji, kwa hiyo iweke kwenye kundi la kubembeleza, ingawa ikishindikana ina njia yake, nitaieleza.

Ukishajua unachohitaji, nunua mapema gasketi mpya (zile za kuziba viungo visivuje), bolti na nati mpya, na mipira ya kuning'inizia. Chukua bolti ya mfano uende nayo dukani. Bolti nyingi za Toyota za milimita 10 zina meno membamba ya 1.25 (milimita kutoka jino hadi jino), na zile zinazojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni za 1.5. Zinaanza kuingia vizuri kabisa, kisha zinagoma baada ya mizunguko miwili.

Hatua ya 1: Usiku wa kuamkia kazi

Piga brashi ya waya kwenye meno yote yaliyo wazi mpaka uone chuma. Watu wengi wanaruka hapa, wanapulizia mafuta juu ya ganda la kutu halafu wanalaumu mafuta. Ukishasafisha, pulizia mafuta ya kupenyeza kutu. WD-40 ya kawaida inasaidia, ila yale yaliyotengenezwa hasa kwa kulegeza bolti yanaingia ndani zaidi. Mafundi wengine huchanganya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unafanya kazi, lakini asetoni inashika moto upesi na inaharibu rangi na plastiki. Mafuta ya taa nayo yanafaa ukiyapa muda.

Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, kisha pulizia tena. Mtikisiko unapasua ganda la kutu na mafuta yanapata njia. Rudia kabla ya kulala, na asubuhi mara moja zaidi.

Hatua ya 2: Kuinua gari

Jeki ni ya kuinulia. Ya kulala chini yake ni stendi. Gari likae juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu, si mchanga, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa na vizuizi. Lisukume kwa nguvu kabla hujaingia. Tofali la saruji lisikae popote karibu na kazi hii, linapasuka bila taarifa. Vaa miwani, kwa sababu kutu yote utakayoibandua itakuangukia usoni.

Hatua ya 3: Spana

Tumia boksi la pembe sita. Lile la pembe kumi na mbili hushika kona tu, na kona za nati yenye kutu hazina nguvu tena. Kama kutu imekula nati ikapungua, jaribu boksi dogo zaidi kwa milimita moja na uligonge kwa nyundo mpaka likae. Spana ya mdomo wazi iache kwenye sanduku.

Kumbuka ukiwa umelala chali mwelekeo unachanganya. Jiulize kichwa cha bolti kinatazama wapi, ujifikirie umekaa mbele yake, kisha zungusha kinyume cha saa. Bolti nyingi zimekatika zikikazwa na mtu aliyedhani anafungua.

Sasa anza kwa kukaza, kidogo tu, nywele moja. Ukisikia mlio mfupi mkavu, kutu imeachia. Geuza, fungua robo mzunguko, rudi nyuma nusu ya hiyo, pulizia mafuta, endelea. Unga mwekundu utatoka kwenye meno; ufute usije ukajisaga tena ndani.

Sikiliza mkono wako hapa. Bolti inayofunguka inasogea kwa vishindo vidogo, na kila kishindo ukiachia mpini unabaki ulipofika. Bolti inayotaka kukatika inasogea laini, kama imekubali, lakini ukiachia mpini unarudi kidogo. Hiyo haifunguki, inajinyonga. Acha hapo hapo. Kurefusha mpini kwa bomba kunafaa kwa bolti za kundi la kutupa. Kwa studi, bomba refu linakunyima hisia hiyo.

Hatua ya 4: Moto

Nati ikipashwa inatanuka, na kutu inayoiunganisha na bolti inapasuka. Mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo unatosha kwa bolti nyingi. Elekeza moto kwenye nati, si kwenye bolti, mpaka ianze kuwa nyekundu iliyofifia, kisha fungua ikiwa bado ya moto.

Kabla ya kuwasha, futa mafuta yote uliyopulizia. Angalia mirija ya petroli na ya breki inapita wapi; kwenye magari mengi imefuata njia ile ile ya ekzosi. Karibu na tangi usiwashe moto kabisa. Usisafishie bolti dawa ya kusafishia breki halafu ukaichoma: zile zenye klorini zikipata moto hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoua. Ndoo ya maji na kizima moto viwe karibu, na mtu mmoja awe nje anakuangalia.

Hatua ya 5: Kukata

Kwa bolti za kutupa, grainda yenye diski nyembamba inamaliza kazi kwa dakika. Kata nati kwa urefu upande mmoja, karibu ufikie meno, kisha tia tindo kwenye mfereji na gonga, nati inafunguka. Namna hii flenji haiguswi. Cheche nazo ni moto, kwa hiyo onyo la tangi liko pale pale.

Bolti ya springi ikikatika, saga ile nati iliyochomelewa, sukuma kipande kitoke, kisha weka bolti ndefu mpya inayopita moja kwa moja, na springi yake na nati upande wa pili. Springi lazima irudi. Ukikaza pale bila springi, flenji itapasuka au gasketi itaanza kuvuja.

Studi ya manifoldi ikikatika na kubakiza kipande nje, mpelekee fundi wa kuchomelea aweke nati juu yake na aichomelee. Ule moto wenyewe huilegeza. Ikikatikia ndani kabisa inatobolewa katikati kwa keekee. Kwa maoni yangu hiyo si kazi ya kujifunzia chini ya gari lako.

Sensa ya oksijeni, kile kifaa chenye waya kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi, inataka spana namba 22 na iwe na joto kidogo. Chomoa waya wake kwanza. Mipira ya kuning'inizia ipake maji ya sabuni, itateleza.

Hatua ya 6: Kufunga

Safisha nyuso za flenji, weka gasketi mpya, paka grisi ya shaba kwenye meno ya kila bolti. Meno ya sensa ya oksijeni usiyapake hii. Tumia ile iliyokuja na sensa, tena isifike kwenye ncha. Ning'iniza bomba lote kwanza, bolti zote zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu, ulinyooshe lisiguse boriti wala tangi. Ndipo ukaze, upande huu kidogo na ule kidogo. Bolti za milimita 10 huwa kwenye Nm 40 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Washa injini ikiwa baridi, gari likiwa nje. Mwenzako azibe kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene, wewe pitisha mkono karibu na kila kiungo bila kugusa. Pumzi ikikupiga mkononi, fungua urekebishe gasketi, maana uvujaji wa chini ya viti huingiza gesi ya kaboni monoksaidi ndani ya gari, na haina harufu. Baada ya safari mbili tatu za kupata moto na kupoa, rudi na spana uzikaze zilizolegea.