Pai gow poker mtandaoni: karata saba, mikono miwili, na namna ya kuzipasua

Watu wengi wakifungua kasino ya mtandaoni kwenye simu wanaipita hii gemu kama hawajaiona, wanaenda kwenye kindege au kwenye mashine za matunda, sababu jina lenyewe tu linatisha, pai gow, utadhani chakula cha mgahawa wa Kichina. Na wale wanaoingia kujaribu wanaona karata saba zimemwagwa mbele yao, hawajui wafanye nini, wanabonyeza tu ili mradi, hela inaondoka. Mimi naipenda sana hii gemu kwa sababu moja: hapa unafikiri. Karata zikishagawiwa bado una kazi ya kufanya, na hiyo kazi ndiyo inaamua umekula au umeliwa.

Kwanza asili yake kidogo maana inasaidia kuelewa. Pai gow ya kale ya Wachina haichezwi kwa karata, inachezwa kwa vipande vya domino 32, kila mchezaji anapewa vinne anavigawa mafungu mawili ya viwili viwili. Hiyo ya karata imezaliwa Marekani, mwaka 1985, huko Bell karibu na Los Angeles, kwenye klabu ya karata iliyokuwa ya jamaa anaitwa Sam Torosian. Alichukua lile wazo la Wachina la kugawa mafungu mawili akaliunganisha na poka ya kawaida, na pia alikuwa amesikia habari za pusoy, mchezo wa Wafilipino wa karata 13 ambao nao unapanga mafungu. Ndiyo maana ukiujua poka kidogo tayari uko nusu ya safari, hakuna maajabu ya Uchina ya kujifunza hapa.

Sasa twende kazini. Karata ni 53, yaani zile 52 tunazozijua, kopa, uru, pau na shupaza, na juu yake jokari moja. Unaweka dau, wewe unapata saba na dila (mgawaji karata wa kasino) anapata saba. Zile saba zako unazipasua mikono miwili: mkono mkubwa wa karata tano na mkono mdogo wa karata mbili. Sheria kuu ni moja tu, mkono mkubwa LAZIMA uwe na nguvu kuliko mdogo. Kwenye meza ya kawaida ukikosea hapo umeliwa papo hapo, mtandaoni mara nyingi programu inakukatalia tu mpaka upange upya, ila usizoee hivyo.

Ukishapanga unabonyeza, dila naye anafunua za kwake. Mkono wako mkubwa unapambana na mkubwa wake, mdogo na mdogo wake. Ukishinda yote miwili umekula. Ukipoteza yote miwili umeliwa. Ukishinda mmoja ukapoteza mmoja ni sare, dau lako linarudi kama lilivyo. Na hapa ndipo utamu wa huu mchezo, kwa sababu sare ni nyingi sana, kama raundi 4 kati ya 10 zinaisha hivyo. Hela yako inakaa mezani muda mrefu, haipotei kama maji kwenye mchanga.

Kasino inakula wapi basi? Sehemu mbili. Ya kwanza ni kamisheni, ukishinda wanakata 5 kwa mia, yaani umeweka 2,000 umeshinda unapewa 1,900 juu ya dau lako. Ya pili watu wengi hawaijui, mikono ikifanana kabisa dila ndiye anashinda. Mfano mkono wako mdogo ni A na K, wa dila nao ni A na K, huo umepoteza. Ukijumlisha hizo mbili kasino ina faida ya kama 2.7 hivi kwa mia ukiwa unapanga vizuri. Siyo kubwa ukilinganisha na mashine nyingi lakini ipo, na ukipanga vibaya inapanda, kwa hiyo yeyote anayekuambia ana fomula ya kushinda kila siku huyo anataka hela yako.

Jokari inachanganya watu mpaka basi. Hapa jokari siyo ya kugeuka chochote unachotaka. Inafanya mambo mawili, ama inakuwa A (ree), ama inaziba pengo kwenye streti (karata tano zinazofuatana) au flashi (tano za alama moja, mfano zote kopa). Basi. Ukiwa na 9 mbili na jokari usifikiri una 9 tatu, hapana, una jozi ya 9 na A moja. Lakini ukiwa na 8, 9, 10, J na jokari hapo una streti safi kabisa. Na ukiwa na A nne na jokari una A tano, huo ndio mkono mkubwa kuliko yote, unapita hata streti flashi. Kitu kingine, kasino nyingi zinaihesabu A-2-3-4-5 kama streti ya pili kwa ukubwa, chini tu ya A-K-Q-J-10, wakati kwenye poka ya kawaida ndiyo ya mwisho. Fungua ukurasa wa sheria wa hiyo kasino uone wao wanasemaje kabla hujaanza.

Mkono mdogo una karata mbili tu kwa hiyo hauna streti wala flashi. Ni jozi au karata kubwa. Jozi ya 2 inaipiga A na K. Hilo likae kichwani maana ndilo linaleta maamuzi yote magumu.

Kupasua sasa. Nitaeleza jinsi ninavyofanya mimi, na inakaribiana na namna kasino zenyewe zinavyompangia dila wao.

Huna kitu kabisa, hakuna jozi hakuna streti hakuna chochote (mkono wa namna hiyo wenyewe wanauita pai gow vilevile): karata kubwa kuliko zote inaenda mkono mkubwa, zinazofuata mbili zinaenda mdogo. Una A, Q, J, 9, 7, 5, 3? Mkubwa A 9 7 5 3, mdogo Q J. Ukiwa na jozi moja, jozi inaenda mkubwa na karata mbili kubwa zilizobaki zinaenda mdogo. Hizi mbili ni mikono mingi sana utakayopata kwa hiyo hata ukijua hizi tu tayari unacheza.

Jozi mbili ndiyo shughuli. Hapa ndipo utajua nani anacheza na nani anabahatisha. Kanuni yangu: kama jozi zote ni kubwa, au moja ni ya A, pasua, kubwa inaenda mkono mkubwa na ndogo inaenda mdogo. Kama jozi ni ndogondogo na una A pembeni, ziache pamoja kwenye mkubwa na A ipeleke mdogo. Tuchukue mkono huu: A ya shupaza, K ya kopa, 9 ya uru, 9 ya pau, 4 ya kopa, 4 ya shupaza, 2 ya uru. Ukipasua unapata mkubwa wenye jozi ya 9 peke yake na mdogo wenye jozi ya 4, yote miwili iko katikati, haina mbavu. Ukiziacha, mkubwa unakuwa 9 9 4 4 2, jozi mbili nzuri, na mdogo A K ambayo inapigwa na jozi tu, au na A K ya dila maana zikifanana anachukua yeye. Mimi hapo siwazi mara mbili, naacha. Ila toa ile A na K weka 8 na 7, hapo napasua haraka, sababu mdogo wa 8 na 7 ni kama kumpa dila zawadi.

Jozi tatu ni raha, ile kubwa kuliko zote peleka mkono mdogo, mbili zinazobaki ziache mkubwa. Watu wanaogopa hapa, wanaona vibaya kutoa jozi ya Q kwenye mkubwa, lakini una 8 8 5 5 zimebaki nyuma (nyuma ni mkono mkubwa, mbele ni mdogo), unataka nini tena.

Karata tatu za aina moja ziache zote mkubwa, isipokuwa A tatu: hapo acha A mbili kwenye mkubwa na ya tatu iende mdogo na karata kubwa inayofuata. Ful hausi (tatu za aina moja na jozi) unaipasua karibu kila mara, tatu nyuma, jozi mbele, K K K kwenye mkubwa na 6 6 kwenye mdogo, nani atakupiga yote miwili. Nne za aina moja inategemea, zile za 2 mpaka 6 mimi naziacha pamoja, za J na kupanda napasua mbili mbili kama sina A ya kuweka mdogo, na A nne pasua tu.

Streti na flashi sasa, na hapa niwaambie kilichonikuta maana kinaniuma mpaka leo. Nilikuwa na K, J, 8, 6, 3 zote kopa, na K ya shupaza, na J ya uru. Nikaona kopa tano zinawaka hapo nikachanganyikiwa na furaha, nikaweka flashi mkono mkubwa, mdogo ukabaki K na J. Dila akafunua, mkubwa wake jozi ya 10 tu, flashi yangu ikaipiga vibaya. Mdogo wake A na Q. K J yangu ikafa. Sare. Sasa rudi uangalie zile karata: nilikuwa na jozi ya K na jozi ya J! Ningeweka K K 8 6 3 nyuma na J J mbele ningempiga kotekote, K zinapiga 10, J zinapiga A Q. Dau lilikuwa kubwa siku hiyo kuliko kawaida yangu. Kwa hiyo ukiona flashi au streti, kabla hujabonyeza angalia kwanza kama kwenye zile karata saba kuna jozi mbili, na kama ni kubwa, 10 na kwenda juu, fuata sheria ya jozi mbili. Kama hakuna jozi mbili basi acha streti yako, ila ipange namna ambayo mkono mdogo unabaki na karata kubwa zaidi iwezekanavyo. Mfano una streti ya karata sita, usichukue ile ya juu kabisa kwa mazoea, chukua ya chini ile karata kubwa iende mbele.

Kosa la wageni wote ni hilohilo, kulundika nguvu zote kwenye mkono mkubwa. Mkono mkubwa mzito na mdogo mbovu unakupa sare na sare na sare, na ukikutana na dila aliyebahatika unaliwa. Zichange karata zako kwa kufikiria mikono yote miwili kwa pamoja.

Mtandaoni utakuta kitufe cha kupangiwa, programu inakupangia yenyewe kwa namna ya dila. Kama ndiyo unaanza kitumie, lakini kwanza panga kichwani mwako, halafu bonyeza uone imepanga vipi, ukitofautiana nayo jiulize kwa nini. Mimi nilijifunza hivyo kwa hela za demo (za bandia, za kujaribia) kama wiki mbili hivi, sikuweka hata shilingi. Kasino nyingi zina demo, itumie mpaka uchoke.

Utakuta pia meza zisizo na kamisheni. Usikimbilie kabla hujasoma masharti, mara nyingi wanafidia pengine, kwa mfano dila akipata mkono mbovu ambao karata yake ya juu ni Q basi meza nzima inakuwa sare, hata wewe uliyekuwa na karata nzuri. Siyo mbaya, ila ujue. Kuna na beti za pembeni zinazolipa ukipata mikono mikubwa kwenye karata zako saba, zinavutia macho kweli lakini faida ya kasino hapo ni kubwa kuliko kwenye dau la kawaida. Mimi siziweki.

Kuhusu hela. Tenga kiasi kabla hujafungua programu, kiasi ambacho kikiisha kodi ya nyumba na ada ya mtoto havijaguswa, halafu kigawe madau 20 kwa uchache. Una 40,000 basi dau lako ni 2,000. Mtandaoni mikono inaenda haraka kuliko mezani, hakuna anayechanga karata kwa mkono, dakika moja umeshacheza kadhaa, kwa hiyo mimi natumia meza ya laivu yenye dila wa kweli kwenye video, inaenda taratibu, unapata muda wa kuangalia karata zako saba vizuri. Ukiona umeanza kuongeza dau ili urudishe ulichopoteza, funga, zima hata data. Chini ya miaka 18 hii siyo ya kwako, ni sheria.

Na kabla hujaweka chochote angalia kama hiyo kasino ina leseni, kwa Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, namba ya leseni huwa iko chini kabisa kwenye tovuti yao. Halafu fanya hivi: weka hela kidogo kwa simu, cheza mikono michache ya dau dogo, kisha omba kutoa kilichobaki. Kama watataka kitambulisho wape wakati huo mapema, usisubiri siku umeshinda ndiyo uanze kutafuta picha ya NIDA. Hela ikiingia kwenye simu yako bila longolongo rudi mezani, ikikwama siku tatu na majibu hamna, achana nao tafuta pengine.