Somo: Kukarabati mikoba ya ngozi ya pikipiki, na wakati wa kuachana nayo

Swali la «nipake mafuta gani?» limeulizwa mara nyingi mno, nami nimeona heri niandike jibu lote mahali pamoja ili kila atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Nazungumzia mikoba ya ngozi nene inayoning'inia pande mbili za tairi la nyuma la pikipiki za safari, ile inayofungwa kwa mikanda na bizimu. Mafuta si jambo la kwanza. La kwanza ni kujua kama ngozi ingali na nyuzinyuzi za kubebea mzigo, kwa sababu mafuta hulainisha nyuzinyuzi zilizopo, wala hayaungi zilizokwisha kukatika.

Hatua ya kwanza ni kuipima. Ukunje mkanda pale unapopita kwenye bizimu: nyufa za juu juu ni uzee tu, lakini ufa unaoonyesha nyama ya ngozi maana yake ni mkanda mpya. Kisha kwaruza upande wa ndani wa mkoba kwa ukucha. Ukitoka unga wa rangi ya matofali unaochafua kidole, ngozi hiyo imeoza kwa asidi na hakuna dawa itakayoirudishia nguvu ya kubeba. Kama ni kumbukumbu ya mzee wako itunze nyumbani, na barabarani tumia mwingine. Mwisho, kagua upande uliokaa karibu na ekzosi. Ngozi iliyodabaghiwa, yaani iliyotibiwa isioze, kwa magome ya miti, ikiwa imelowa, huanza kusinyaa kwenye joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na sehemu iliyosinyaa na kukakamaa hivyo hairudi katika hali yake.

Hatua ya pili: piga picha jinsi mikanda inavyopita, kisha vua mikoba na uitoe kila kitu.

Hatua ya tatu: ondoa vumbi kwa brashi kavu, halafu pangusa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni ya matandiko ya farasi. Sabuni ya kufulia ina magadi makali, usiitumie. Ukungu upangusie nje ya nyumba, kwa siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu.

Hatua ya nne: kausha kivulini penye upepo. Usianike juani wala usisogeze karibu na jiko.

Hatua ya tano ni mafuta. Mafuta ya kwato za ng'ombe yanafaa, na mchanganyiko wa mafuta na nta ya nyuki unafaa zaidi kwa anayepita kwenye mvua. Paka tabaka jembamba kwa kitambaa, acha usiku kucha, kisha tazama kabla ya kuongeza. Ngozi iliyonyweshwa kupita kiasi hulegea na kuvutika, na mkoba uliovutika hushuka hadi kwenye tairi.

Hatua ya sita ni mishono, na hapa ndipo mikoba mingi mizuri huharibiwa na mikono yenye haraka, kwa hiyo soma taratibu. Usifumue mshono wote kwa pamoja. Fumua sentimita kumi hivi, shona, kisha endelea, maana vipande viwili vikishaachana havitakubali kulingana tena. Tumia uzi wa poliesta uliopakwa nta, wenye urefu mara nne ya mshono, na sindano butu kwenye kila ncha, ili kila tundu lipitwe na sindano zote mbili kutoka pande zinazokabiliana. Pita kwenye matundu ya zamani peke yake. Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ni wa kuyafungua yaliyoziba. Ukiutumia kutoboa mapya katikati ya yale ya zamani, utakuwa umechora mstari wa kuchanikia, na mkoba utafunguka kwenye mstari huo siku ukijaa. Vuta nyuzi zote mbili kwa nguvu sawa, ukome pale uzi unapolala juu ya ngozi. Ukivuta zaidi, uzi hukata ngozi kavu. Tundu lililochanika halishonwi lilivyo: bandika nyuma yake kiraka cha ngozi nyembamba kwa gundi, kisha sogeza mstari mpya milimita tano ndani. Malizia kwa kurudi matundu matatu nyuma.

Hatua ya saba: kabla ya kufunga, mwambie mtu mzito akae kwenye kiti hadi shokapu zibonyee. Mkoba usiguse tairi wala ekzosi, na usizibe indiketa.

Maswali ya wanachama

Swali (Dodoma): Nina oili ya injini iliyobaki. Naweza kupaka?

Jibu: Hapana. Hatua ya tano inataja kinachopakwa.

Swali (Mombasa): Shikamoo fundi. Kuzunguka ribiti za mikoba yangu kuna madoa meusi ambayo siki haiyatoi, na kwenye bizimu za shaba kuna ute wa kijani. Je, yote mawili ni ukungu?

Jibu: Marahaba mwanangu, umetazama vizuri. Hakuna ukungu hapo. Magome yanayodabaghi ngozi, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe, yana tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi wa wino. Ribiti zako ni za chuma zilizopakwa rangi tu, na rangi imebanduka. Zitoe na uweke za shaba, la sivyo doa litarudi na ngozi inayozunguka ribiti itadhoofika. Maji ya limau hupunguza weusi, ila jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha pangusa kwa maji safi. Ule ute wa kijani ni shaba iliyoungana na mafuta ya ngozi. Ukwangue kwa kijiti cha mti, usitumie kisu. Ukizidi, ujue unapaka mafuta mengi mno.

Swali (Nairobi): Fundi wangu wa viatu anashona kwa cherehani na anasema kushona kwa mkono ni kupoteza muda.

Jibu: Sikumdharau fundi wako. Cherehani hufunga uzi wa juu na wa chini katikati ya ngozi, hivyo uzi mmoja ukikatika kwa kusuguliwa, mshono huanza kufumuka. Katika mshono wa mkono, uzi wa pili hubaki umeshika. Tena sindano ya cherehani haifuati matundu ya zamani, nami nimeeleza matokeo yake. Ukiridhika naye, mpelekee.

Swali (Maskati): Joto la huku ni kali na ngozi hukauka upesi. Nipake mafuta kila wiki?

Jibu: Usipake kwa kalenda, ndugu yangu. Kunja mkanda, ukilainika bila kulia na bila kupauka pale ulipokunjwa, uache. Kitakachokusaidia zaidi ni kuegesha kivulini na kufunika mikoba kwa kitambaa cha pamba. Turubai la plastiki hufungia jasho la ngozi ndani.

Swali (Mwanza): Sijasoma yote, ila mikoba mipya nichague ipi?

Jibu: Ngozi ya milimita tatu hadi nne, yenye ubao au bati mgongoni. Mengine yamo juu.

Nyongeza (Arusha): Mikanda mipya nimekata kutoka kwenye mikanda ya ng'ombe wa nira iliyoachwa, na imeshika vizuri kuliko ya dukani.

Jibu: Wazo jema, mradi uikunje kwanza kama nilivyoeleza. Toboa matundu ya duara, maana lenye pembe huanzia ufa kwenye pembe yake, na uache sentimita tano za mkanda baada ya tundu la mwisho.